Si kila nishani ni ya ushujaa

Nishani ni alama ya kuvaliwa, aghalabu kifuani, ambayo dola humpa mtu kutambua alichofanya au alivyotumikia. Wengine husema medali, na sina ugomvi nao. Tusiichanganye tu na cheo: cheo hukaa begani na huja na mamlaka, ilhali nishani haimpi mwenye nayo uwezo wa kumwamuru hata koplo.

Ugomvi wangu ni na maneno yanayopachikwa nyuma yake. Hapa Moshi nishani ikitajwa tu, lazima iongezewe "ya ushujaa", hasa kama mwenyewe alikuwa jenerali wa vita. Mfano ninaousikia mara nyingi ni wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyeweka makao yake makuu mjini hapa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Wageni huambiwa kwamba alivishwa nishani ya ushujaa kwa kuwapiga Waingereza Tanga. Sentensi fupi, makosa mawili.

Tanga ilikuwa Novemba 1914. Nishani yenyewe, Pour le Mérite, aliipata Novemba 1916, na katikati hapo mengi yalikuwa yameharibika upande wake. Machi 1916 majeshi ya Jan Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, yalipenya vilima vya Latema na Reata kule Taveta, yakaingia Moshi. Arusha ikaenda. Septemba, Dar es Salaam nayo ikaenda. Nishani inatolewa, mwenye kutunukiwa ameshasukumwa hadi kusini huko na hana tena reli wala bandari ya maana. Sasa huo ni ushindi gani unaozawadiwa? Kilichotambuliwa ni uongozi: kwamba jeshi dogo lililokatwa na kwao lilikuwa bado halijavunjika, na Waingereza walikuwa bado wanalifukuza kwa gharama kubwa.

Na hiyo ndiyo tabia ya Pour le Mérite. Ilianzishwa mwaka 1740 na mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, dola ya Kijerumani ya enzi hizo, na ina jina la Kifaransa kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikizungumzwa kwenye baraza lake. Maana yake ni "kwa ustahili", na ustahili ni uwanja mpana. Wapo marubani walioipata kwa kuangusha ndege za adui, wapo makamanda walioipata kwa kuendesha kampeni nzima. Ila katika vita ile ilikuwa ya maofisa peke yao. Askari wa Kiafrika waliotembea na Lettow-Vorbeck kutoka huku hadi Msumbiji na kurudi, hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuivaa, afanye afanyavyo. Kwa hiyo anayetaka kuitumia kupima nani alikuwa shujaa katika jeshi lile ameshika mizani mbovu.

Oktoba 1917 Lettow-Vorbeck aliongezewa majani ya mwaloni. Hapo tena watu huhesabu nishani ya pili. Hapana, ni pambo la kuipandisha daraja nishani ile ile.

Simnyimi mtu huyu ujasiri wake. Usiku wa kuamkia mapigano ya Tanga aliingia mjini kwa baiskeli, akiwa na wenzake wawili, kuchungulia Waingereza wako wapi. Huo ni ujasiri, au ukorofi, chagua mwenyewe. Lakini siyo uliompa Pour le Mérite.

Ukitaka kuona nishani ya ushujaa hasa, fuata barabara ya Taveta kuelekea Voi mpaka Maktau. Hapo Septemba 1915 luteni mmoja wa jeshi la Uingereza, Wilbur Dartnell, alijeruhiwa mguu katika mapigano. Walipokuwa wakimbeba kumwondoa, akaona majeruhi wengine wanaachwa nyuma, akaamuru naye aachwe, ajaribu kuwalinda. Akauawa hapo. Alipewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Nishani hiyo, iliyoanza mwaka 1856, haiangalii mtu ameongoza wangapi wala ametumikia miaka mingapi. Inauliza ulifanya nini, siku ipi, mbele ya adui. Kwa alichofanya mwaka 1941 kule Abyssinia, yaani Ethiopia, aliipata pia sajini Nigel Leakey wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, ambaye naye hakurudi. Majenerali hawaipati kwa ujenerali wao.

Halafu kuna zile nyingi kuliko zote, za kushiriki. Hizi ni kama medali ya Kilimanjaro Marathon: kila anayemaliza anavishwa, awe wa kwanza au aliyeingia uwanjani kwa kuchechemea. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilitoa medali ya vita zaidi ya milioni 6, wakati Misalaba ya Victoria ya vita hiyo hiyo ni mia sita na ushee tu. Hapo ndipo kifua cha jenerali kinapojaa: amekuwepo katika kampeni kadhaa, ametumikia muda mrefu, nchi rafiki zimempa zao kwa heshima ya cheo. Unaweza kuhesabu mistari minne ya riboni na usikute hata moja ya ushujaa, na jenerali asiwe amedanganya mtu yeyote.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika wasifu wa wazee wastaafu wa jeshi, waulizeni wao wenyewe au familia jina kamili la kila nishani, kisha liandikeni lilivyo. Ikiwa ni ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, andikeni Utumishi Mrefu na Tabia Njema. Ikiwa ni ya kushiriki Vita vya Kagera, andikeni kwamba alikuwepo Kagera. Neno "ushujaa" liacheni kwa ile iliyotolewa kwa ushujaa, kama ipo.