Uvimbe wa puani "ukirudi": maana yake, na saratani inaingia wapi

"Nyama za pua" ni jina lililobebeshwa mengi. Mtoto mwenye tezi zilizovimba nyuma ya pua anazo. Mtu mzima mwenye aleji, polipi (vinyama laini vya utando wa pua) zimeziba pande zote mbili, anazo. Mwanamume wa miaka 55 ambaye tundu moja tu limeziba kwa miezi na kutoa damu mara kwa mara, naye huambiwa ana nyama za pua. Huyu wa mwisho ndiye wa kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu kilichomo kinaweza kuwa uvimbe hasa.

Uvimbe "usio wa saratani" ni ule ambao seli zake hazisafiri kwenda kuota kwenye mapafu au ini. Basi. Jina hilo haliahidi kwamba ukikatwa hautaota tena, wala kwamba hautasukuma mfupa ulio jirani na jicho. Na vimbe hizi hazina tabia moja. Osteoma, kwa mfano, ni mfupa ulioota ndani ya sainasi (uwazi wenye hewa ndani ya mifupa ya uso), mara nyingi ile ya kipaji cha uso. Wengi huigundua kwa bahati wakipigwa picha kwa jambo jingine, na haigeuki saratani.

Mkorofi ni papiloma inayoota kwa ndani, uvimbe wa utando wa pua. Badala ya kuchomoza tu kama chunjua, utando wake hujikunja na kuzama chini, kama kidole cha glavu kilichosukumwa ndani. Huwapata zaidi wanaume wa kati ya miaka 40 na 70, na kwa kawaida hukaa upande mmoja, kwenye ukuta wa pembeni wa pua au sainasi ya shavuni.

Hapa ndipo neno "kurudi" linapopotosha. Aliyewahi kung'oa ndago shambani anajua: majani yanatoka mkononi, punje inabaki udongoni, na baada ya wiki unasema ndago imerudi. Haikuwa imeondoka. Papiloma nayo ina shina, yaani mahali iliposhika mfupa, na picha ya CT mara nyingi huonyesha mfupa wa hapo umenenepa. Daktari akichomoa kinachoonekana bila kukwangua utando wa pale na kusaga mfupa wenyewe, kuna seli zitakazobaki. Kwa njia za zamani za kuchomoa tu, zaidi ya nusu ya wagonjwa waliweza kurudiwa. Kwa upasuaji wa kamera unaofuata shina, taarifa nyingi hutaja kati ya 10 na 20 katika kila 100. Wengi hurudiwa ndani ya miaka 2 au 3 ya kwanza, lakini wapo wanaorudiwa baada ya 5 na zaidi, ndiyo maana kliniki huendelea kukuita hata ukiwa unapumua vizuri.

Kugeuka saratani ni hesabu nyingine kabisa. Kwa papiloma hii hukadiriwa kati ya 5 na 15 katika kila wagonjwa 100, na sehemu kubwa yao saratani hukutwa tayari imo ndani ya uvimbe uleule siku unapotolewa. Kipande kidogo kilichonyofolewa kliniki kinaweza kuikosa, kwa hiyo uvimbe wote unapaswa kwenda maabara, si kipande tu. Uliorudi nao kwa kawaida huwa papiloma ileile, ila hupimwa upya kila unapotolewa. Majibu ya mara ya kwanza hayatoshi. Maumivu makali, ganzi ya shavu, au jicho kusukumwa nje ni dalili za kuwahi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.

Ukiruhusiwa kutoka wodini, omba nakala ya ripoti ya upasuaji pamoja na ile ya maabara. Daktari atakayekuona miaka 4 baadaye, pengine mji mwingine, swali lake la kwanza litakuwa shina lilishika wapi.