Nahodha wengi kwenye Cessna moja

Jamaa mmoja alinipigia usiku akilalamika kwamba Cessna 172 yake, ndege ya kwenye mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, haitoki kwenye maegesho ya Zanzibar. Throto, ile ya kuongeza nguvu ya injini, kaisukuma mpaka mwisho, injini inanguruma, ndege imeganda. Siku hiyo alikuwa amechomeka pedali mpya za miguu, zenye breki ya kushoto na ya kulia. Nikamwambia akanyage breki zote mbili kwa nguvu. Ndege ikaanza kutembea.

Kisa ni kwamba pedali zake zilikuwa zinatuma namba kinyume, mguu uliotulia ukasomwa kama mguu uliokandamiza. Ndani ya Microsoft Flight Simulator unageuza mwelekeo wa mhimili wa breki (mhimili ni mwendo mmoja wa kifaa unaotumwa kama namba), ya kushoto kivyake na ya kulia kivyake, na mambo yameisha.

Kasheshe kubwa iko kwingine. Kila kifaa unachochomeka, programu hukipa mpangilio wake wa kuanzia bila kujali vingine vimeshapewa nini. Joistiki nyingi za bei nafuu zina mpini unaozungushwa kwa ajili ya usukani wa mkia, na kijiti kidogo cha throto chini yake. Ukiongeza pedali na throto ya kusimama peke yake, basi usukani una nahodha wawili na throto nayo wawili. Chombo huenda mrama, si ndivyo? Kile kijiti kidogo hutetemeka hata hakijaguswa, na kila kikitetemeka kinatuma namba mpya; programu inamsikiliza aliyesema mwisho. Umeshika throto katikati, mara unaona ile ya ndani ya ndege inaruka na injini inapumua kama mwenye pumu. Watu hudhani kifaa kibovu, wanarudi dukani.

Mimi hufuta mpangilio wote wa joistiki, kisha narudisha mhimili mmoja mmoja: kupanda na kushuka, kulala kushoto na kulia, basi. Vingine vina wenyewe. Inachosha, lakini unaifanya mara moja.

Kabla ya hapo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, ufungue kila kifaa ukichezeshe. Alama ikirukaruka hata pale, usiilaumu ndege. Weka eneo mfu, yaani mwendo mdogo ambao programu haiuhesabu; asilimia chache zinatosha. Ukizidisha, wakati wa kutua utahisi usukani umelegea kama wa daladala la zamani.

Halafu matundu ya USB. Vifaa vinne kwenye habu (kigawanyo cha USB) isiyo na umeme wake ni kutafuta ugomvi, na Windows ikiachwa izime USB kuokoa umeme, pedali zinaweza kulala ukiwa angani. Zima hiyo kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows. Kila kifaa kikae tundu lake siku zote, hasa ukiwa na viwili vinavyofanana. Wanaorusha FlightGear, mchezo mwingine wa ndege, kwenye Linux wanaijua vizuri hii: kifaa kilichopewa jina js0 jana, leo ni js1. Matundu yangu nimeyabandika plasta zenye namba, na watoto wamekatazwa kuchajia simu pale.