Mfuatano wa uoto: kinachotokea ardhini baada ya volkano kulipuka

Mgeni anayefika kwenye mlima uliolipuka miaka michache iliyopita huona majani mawili matatu juu ya majivu na kusema, "Pameanza kupona." Wanaikolojia hulikwepa neno hilo, kwa sababu mgonjwa akipona hurudi alivyokuwa, na ardhi hii haiahidi kurudi ilivyokuwa. Wao husema pana mfuatano wa uoto: viumbe hupokezana mahali. Waliotangulia huishi na kufa hapo, na mizoga na majani yao makavu huigeuza ardhi iwafae wengine, ambao mara nyingi huja kuwasonga hao hao waliowatengenezea njia.

Mfuatano uko wa namna mbili. Wa awali huanzia pasipo na udongo wala mbegu, kama juu ya lava iliyopoa au kwenye kisiwa kilichoibuka baharini. Wa pili huanzia palipobaki kitu chini, kama shamba lililotelekezwa au msitu ulioungua mizizi ikasalimika.

Mlima St. Helens, jimbo la Washington nchini Marekani, una namna zote mbili karibu karibu. Asubuhi ya tarehe 18 Mei 1980 ubavu wake wa kaskazini uliporomoka, na mlipuko ukatokea ubavuni badala ya kileleni. Watu 57 walikufa, na eneo la kilometa za mraba 600 hivi likaharibiwa. Chini ya mlima kila kitu kilifukiwa na pumisi, yale mawe mepesi yenye vitundu kama sifongo. Mbali kidogo miti mikubwa ililala chini kama njiti za kiberiti, lakini miche iliyokuwa imefunikwa na theluji ilinusurika. Wanyama wadogo wachimbaji, wanaofanana na fuko, nao walinusurika mashimoni, na walipochimba kutoka nje walipandisha udongo wa zamani juu ya majivu. Kwangu mimi hilo ndilo funzo kubwa la mlima huu: tarehe ina uzito. Mlipuko huo huo ungetokea Agosti, theluji ikiwa imeyeyuka, masalia yangekuwa machache zaidi.

Kwenye uwanda wa pumisi, mmea uliotangulia ulikuwa lupini, wa jamii ya kunde. Ukiinama karibu utaona majani yenye vinyweleo vyeupe kama hariri na maua ya zambarau, kimo chake hakifiki gotini. Kazi yake kubwa haionekani: mizizini kuna vinundu vyenye bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani, kirutubisho ambacho pumisi haina. Shina lake huzuia vumbi, mbegu zinazopeperushwa, na wadudu walioletwa na upepo wakafia hapo. Hiyo ndiyo mbolea ya kwanza.

Usidhani basi kwamba ni ngazi ya kupanda kidato baada ya kidato. Viwavi huwavamia lupini, na kipande kilichokuwa zambarau mwaka huu mwakani huwa kikavu. Mfuatano huenda, hurudi nyuma, hukaa.

Mwaka 1982 sehemu ya eneo hilo ilitengwa iachwe ijiendee yenyewe. Nje ya mpaka, miti ya mbao ilipandwa upya kwa mamilioni. Leo huko nje kuna msitu mrefu wa miti ya rika moja, na ndani kuna vichaka, maua, vidimbwi na miti iliyotawanyika. Macho ya haraka yatasema nje ndiko kulikofaulu. Mimi ningekaa ndani, kwenye wadudu na ndege wanaopenda mahali pa wazi.

Kwa kuwa huko ndani pameachwa pajiendee penyewe, mgeni huambiwa asitoke njiani. Mche mchanga hukanyagika kirahisi, na soli ya kiatu hubeba mbegu za kwenu. Surtsey, kisiwa kilichoibuka kusini mwa Iceland mwaka 1963, huruhusiwa kukanyagwa na watafiti tu, tena kwa kibali. Hata hivyo siku moja ulikutwa mnyanya umeota peke yake kwenye lava. Walipochunguza walikuta umeota kwenye kinyesi cha binadamu: mmoja wao alikuwa amebanwa, akajisaidia pale pale. Mnyanya uling'olewa.