Stima Ikipotea, Seli Shina Zilizogandishwa Haziyeyuki

Stima inapopotea Nairobi, jamaa wa wagonjwa wanaosubiri kupandikizwa seli shina, yaani seli zinazozalisha damu, hupiga simu maabara kuuliza kama seli zimeyeyuka. Hazijayeyuka. Mifuko ya seli haiwekwi kwenye friji. Hukaa ndani ya tangi, juu ya naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na mvuke wake huiweka katika baridi inayozidi nyuzi 150 chini ya sifuri. Baridi hiyo haitegemei umeme; inategemea naitrojeni kujazwa kabla haijapungua.

Hatari iko kwenye kugandisha na kuyeyusha. Seli huchanganywa na DMSO, kemikali ya kuzikinga na barafu, kwa kawaida asilimia 10, ili maji yaliyomo yasigeuke vipande vya barafu vinavyopasua utando. Dawa hiyo hudhuru seli zikikaa nayo katika joto la kawaida, hivyo ikishatiwa, kazi haisimami. Mashine hushusha joto kwa takriban nyuzi 1 kila dakika. Likishuka kwa kasi, barafu hujiunda ndani ya seli. Likikawia, seli hunyauka kwa kupoteza maji. Kuyeyusha ni kinyume: mfuko huingizwa kwenye maji ya nyuzi 37, kisha mgonjwa hutiwa seli hizo mara moja. Harufu ya kitunguu saumu atakayotoa kwa siku moja au mbili ni ya DMSO. Hakuna kilichooza.

Kiasi huhesabiwa kwa uzito: angalau seli milioni 2 za CD34 (alama inayotambulisha seli shina) kwa kila kilo ya mgonjwa, ingawa lengo huwa milioni 5. Mtu wa kilo 70 basi anahitaji kati ya milioni 140 na 350. Tafadhali, kilo za kukisia hazitusaidii.

Wapo wanaokasirika wakitakiwa kupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Hakuna anayeshukiwa. Miaka ya 1990, wagonjwa nchini Uingereza waliambukizwa homa ya ini B kupitia seli zao zilizokaa tangi moja na mfuko uliovuja kwenye naitrojeni. Ndiyo maana maabara nyingi leo huhifadhi kwenye mvuke.

Si kila mgonjwa anahitaji kugandishiwa. Kwa saratani ya mayeloma, seli zinaweza kukaa katika nyuzi 2 hadi 8 kwa hadi saa 72 huku mgonjwa akipewa melfalani, dawa ya saratani. Muulize daktari kabla ya kulipia.

Kuhusu simu: taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Taasisi inayokiuka sheria hiyo inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kipi ni kidogo. Kwa hiyo hatutaji idadi ya mifuko kwa simu, na anayefika bila idhini ya maandishi ya mgonjwa atarudishwa mlangoni, hata akiwa mke au mume.