Tiyo za Nyuma ya Nyumba: Yanayosemwa na Yalivyo

Anayetafuta nyumba ya kupanga Bukavu huangalia karo (vigae) za sakafuni, huangalia dirisha linaloona ziwa, kisha huanza kubishana bei ya garanti, ile amana anayopewa mwenye nyumba. Nyuma ya nyumba hafiki. Huko ndiko ziliko tiyo, yaani mabomba ya maji machafu na ya hewa, na ndiko tunakodanganyana zaidi.

"Tiyo inayosimama ukutani ni ya kutoa harufu tu." Inatoa harufu, ndiyo, lakini pia inaingiza hewa. Maji ya choo yakishuka kwa nguvu huvuta hewa. Yakiikosa, yanafyonza yale maji kidogo yanayokaa kwenye sifoni, ule mkunjo wa tiyo ulio chini ya lavabo (beseni la kunawia). Sifoni ikikauka, harufu ya fosi septiki (shimo la maji ya choo) inakuja kukaa nanyi sebuleni. Choo kikimwagwa maji na lavabo ikalia "glu glu", jua hewa haifiki. Ndiyo maana kuifunika tiyo hiyo kwa kuogopa mvua ni kuinyonga. Wavu wa kuzuia inzi na majani unatosha. Mdomo wake upite juu ya mabati, mbali na madirisha. Nimeona moja iliyokatwa chini kidogo ya dirisha la watoto, eti isiharibu sura ya nyumba!

"Plastiki haiozi." Haiozi, ila jua huikausha hadi ipasuke. Ipakwe rangi.

"Maji yakishatoka kwangu, si yangu tena." Hili hunikasirisha. Mji wetu ni vilima: chini ya parseli (kiwanja) yako kuna mabati ya jirani. Tiyo ya bafu inayomwaga mteremkoni hulowesha udongo wa mfinyanzi hata Juni hadi Agosti, miezi ambayo ungepumzika na kukauka. Mvua za Septemba zikirudi zinaukuta umeshakuwa mzito, tayari kuteleza. Maji hayo yapelekwe hadi kwenye shimo lake, yasiachwe yajitafutie njia.

"Matundu ya ukuta wa kuzuia udongo ni kasoro ya fundi, tuyazibe." Aliyaacha makusudi, ili maji ya nyuma ya ukuta yapate pa kutokea. Yakizibwa, maji hujaa huko na kuusukuma ukuta hadi utoe tumbo. Baada ya tumbo ni kuanguka. Wala usichomeke humo tiyo ya jikoni.

Kabla ya kutoa garanti, omba ndoo ya maji, uimwage bafuni, kisha zunguka nyuma upesi uone yanatokea wapi. Na ukikuta matope mwezi wa Julai, usimsikilize komisionere (dalali wa nyumba) anayesingizia mvua.