Kiti cha magurudumu hupimwa kwanza

Kiti cha magurudumu kisichomtosha mtumiaji humuumiza polepole. Kikiwa kipana mno, mtu huelemea upande mmoja na mgongo ukapinda. Kikibana, huchubua nyonga. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti vinavyosukumwa kwa mikono uliweka upimaji na mafunzo ndani ya huduma yenyewe. Kugawa viti vya saizi moja kwa watu wote ni ukarimu wenye madhara.

Mkalishe mtu wima juu ya kitu kigumu, nyayo zikiwa zimekanyaga. Upana wa kiti ni upana wa nyonga zake. Kupata kina cha kiti, pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha toa sentimita 3 hadi 6. Usipotoa, ukingo wa kiti utamgusa nyuma ya goti, naye atateleza mbele kuukwepa. Mapaja yakitofautiana urefu, fuata lililo fupi.

Kikanyagio ndicho hukosewa zaidi. Pima kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, halafu toa unene wa mto wa kukalia; hicho ndicho kimo kutoka kiti hadi kikanyagio. Mto ukisahaulika, miguu itaning'inia. Kikanyagio kikiwa juu mno, magoti huinuka na uzito wote hurudi kwenye mifupa ya makalio, mahali vidonda vya mgandamizo huanzia.

Mto nao hujaribiwa kwa mkono. Mtu akiwa amekaa, ingiza ncha za vidole chini ya mfupa wa kalio. Zikichezeka milimita 5 au zaidi, mto unafaa. Zisipochezeka ila zinachomoka kwa urahisi, hiyo ni dalili ya hatari. Zikibanwa kabisa, badilisha mto. Asiyehisi makalio hataambiwa na maumivu, hivyo ajizoeze kuinama mbele au kuegemea pembeni mara kwa mara, na ngozi ikaguliwe kila siku.

Matairi ya upepo yabonyeze kwa kidole gumba. Yasizame zaidi ya milimita 5. Breki nyingi za viti hivi hushika kwa kukandamiza tairi, kwa hiyo tairi likilegea, breki haishiki hata ikiwa nzima. Tena ni breki za kuegesha tu: kwenye mteremko, mwendo hupunguzwa kwa viganja juu ya pete za kusukumia zilizo kando ya magurudumu.