Kabla hujaigusa skrubu ya bobini, badilisha sindano

Cherehani nyingi zinazoletwa kibandani kwangu hapa Kibuye, Kisumu, huwa hazijaharibika. Zimefungwa nyuma ya bodaboda, nauli imelipwa, na mwenyewe amejiandaa kuambiwa anunue kipuri. Natoa sindano iliyomo, natia mpya, napitisha uzi upya, inashona. Bei ya sindano haifikii hata ile nauli.

Tuanze na mshono unaoruka, maana ndio unaowasumbua wengi. Sindano ikishafika chini kabisa na kuanza kupanda, uzi ulio upande wake wa nyuma hulegea na kufanya kitanzi kidogo. Wakati huohuo ndoano ya chini hupita, ikakinasa kitanzi hicho na kukizungushia bobini, kile kigurudumu kidogo chenye uzi wa chini. Sindano hapo imepanda milimita 2 hivi tu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kukosea. Ikiwa imepinda kidogo, au hukuisukuma hadi juu kabisa kabla ya kuikaza, kitanzi kitatokea mahali ndoano haipiti.

Kupinda huko mara nyingi hakuonekani kwa macho sindano ikiwa mashineni. Itoe, ulaze ubapa wa shina lake, ile sehemu nene ya juu, kwenye kioo cha simu, kisha uitazame kwa usawa wa jicho. Mwanga unaopita chini yake uwe sawasawa kutoka shina hadi nchani. Halafu pitisha ncha polepole juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwaruza, itupe. Najua fundi ambaye hunoa sindano kwa jiwe ili asinunue nyingine, kisha anashangaa kitambaa kikitoka na nyuzi zilizovutika.

Angalia pia imekaa upande gani. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja, na upande wa pili, juu ya tundu, pamechimbwa kidogo. Mfereji mrefu huelekea kule uzi unakoingilia, pale palipochimbwa huelekea ndoano. Cherehani za nyumbani hutumia sindano yenye ubapa, pakiti imeandikwa HAx1 au 130/705H, na ubapa huo husaidia isikae kombo. Mashine nyingi za kiwandani zinazoshona mshono wa kawaida hutumia DBx1, ambayo shina lake ni duara. Hiyo inaingia vyovyote utakavyoitia, kwa hiyo tumia jicho lako.

Namba nazo zina maana. 90/14 ni sindano yenye unene wa milimita 0.90, na kwa kitenge na sare nyingi za shule inatosha. Kitambaa chepesi cha blauzi kipe 75/11. Jeans za mitumba zinataka 100/16 au 110/18. Ukishona jezi za timu au fulana, unene pekee hautakusaidia: tafuta sindano ya ncha butu, inayosukuma nyuzi kando badala ya kuzitoboa. Mtu hushona jezi kwa sindano ya kitenge, mshono unaruka, halafu anailaumu mashine.

Tatizo la pili ni uzi kujikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Kwa kuwa fujo iko chini, kila mtu hukimbilia bobini na kuanza kuzungusha ile skrubu ndogo ya kesi yake, kikopo cha chuma kinachoishika. Kosa liko juu! Uzi wa juu haukuingia katikati ya visahani vya kuukaza, au umeruka ule mkono unaopanda na kushuka. Inua mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, unapopitisha uzi, kwa sababu mguu ukiwa chini visahani vimebanana na uzi hukaa juu yake tu. Ukishapitisha, shusha mguu uuvute: lazima usikie uzito.

Skrubu ya bobini iache mpaka mwisho kabisa. Kama ni lazima, robo ya mzunguko inatosha. Ning'iniza kesi kwa uzi wake, utingishe mkono kidogo: ishuke kidogo na kusimama. Ikiporomoka hadi chini, imelegea.

Sindano zinazovunjika kila mara, hapo namtazama mshonaji kabla ya mashine. Unavuta kitambaa? Kuvuta huipinda sindano ikagonga bamba, kile chuma bapa chenye tundu ambamo sindano hupita. Meno yaliyo chini ndiyo yanayosukuma kitambaa, wewe elekeza tu. Kwenye pindo la jeans, pale mishono inapokutana, zungusha gurudumu kwa mkono.

Uzi ukikatika ovyo, papasa tundu la bamba. Sindano iliyowahi kuligonga huacha ncha kali zinazokata uzi. Na ukiilainisha mashine, mafuta ya kupikia usitie kamwe, hukauka yakawa gundi.

Umefanya yote na bado inaruka, hasa baada ya sindano kuvunjika kwa kishindo? Huenda ndoano imesogea na haikutani tena na sindano kwa wakati. Hiyo ilete. Njoo na uzi wako na kipande cha kitambaa ulichokuwa ukishona, kwa sababu kwenye pamba yangu itashona vizuri, kisha ukifika nyumbani ianze tena. Ila usije Jumapili. Siku hiyo soko limefurika, hata pa kuishushia hupati.